Mkono Namba Moja wa Taifa

Nchi yenyewe ipo, wala si mbali, ila jina lake sitalitaja kwa sababu linabadilishwa. Kamati ya Jina Jipya imekaa kikao mwaka wa tisa huu, na mpaka itakapomaliza chai, sisi wananchi tumeombwa tuiite "hapa." Tunaiita hapa, na tunashukuru, maana wapo majirani zetu ambao hata hapo hawana.

Basi hapa, Mtukufu Kiongozi alikwenda ng'ambo kwa ziara ya siku tatu, akarudi baada ya siku arobaini amevaa glovu kubwa ya ngozi kwenye mkono mmoja. Hakuivua kwenye gwaride, hakuivua kwenye dhifa, na mabalozi wakasalimiana na glovu. Kesho yake redio ikatangaza kwamba mchezo wa taifa ni besiboli, na kwamba umekuwa mchezo wa taifa tangu enzi za mababu. Wazee walipoulizwa, walikumbuka vizuri sana. Mmoja alikumbuka mpaka akapewa baiskeli.

Kitabu cha kanuni kilikuja kimoja tu, nacho kikafungiwa kwenye sefu ya Ikulu kwa kuwa ni siri ya nchi. Wananchi tuliambiwa yale ya kututosha. Mtu mmoja, anaitwa mrushaji, anapanda kichuguu na kurusha mpira. Mwingine, anaitwa mpigaji, anasimama mbali kidogo ameshika rungu, anajaribu kuupiga. Akikosa mara tatu, anarudi kukaa. Zikaundwa timu nne: Forodha, Magereza, Maji na Kilimo. Msimu ukafunguliwa kwa mvua, maana paa la jukwaa lilikuwa limezinduliwa lakini halijajengwa.

*

Zamoyoni hakuja mjini kwa ajili ya mpira. Jamani, huyu mtu alikuja kutafuta saini.

Alikuwa mkulima wa mpunga kutoka Bonde la Lukwale, yeye na mkewe Siwema. Adui yao alikuwa kweleakwelea, vile vindege vidogo vinavyotua kwa maelfu na kuacha mabua matupu. Kazi ya kuamia ndege waliifanya wenyewe, kwa mkono: unapanda dungu, lile jukwaa la miti katikati ya shamba, unafinyanga mabonge ya udongo, na kila kundi linapotua unalitupia. Ukikosa, umelisha ndege. Zamoyoni alikuwa hakosi. Siwema naye hakosi, ila yeye alitupa kwa mkono wa kushoto, jambo ambalo mama mkwe wake alilichukia kufa, kwa hiyo watu wakipita njiani Siwema alikuwa anashusha mkono na kujifanya anafunga khanga.

Mwaka ule ndege walikuwa wengi kupita kiasi. Bonde zima likakubaliana Zamoyoni aende mjini na barua ya kuomba ile eropleni ya kupulizia dawa. Barua ilihitaji saini moja tu ya Wizara ya Kilimo.

"Nenda urudi kabla mpunga haujatia maziwa," Siwema alimwambia. "Wakishuka wote mimi peke yangu sitawaweza. Unanisikia lakini?"

"Nakusikia, mke wangu. Saini moja tu. Wiki haiishi."

Alikaa kwenye benchi la Wizara siku kumi na moja. Siku ya kumi na moja kunguru alimnyang'anya karani chapati yake, akaruka nayo mpaka juu ya mlingoti wa bendera. Zamoyoni, bila kuinuka kwenye benchi, akaokota kokoto na kutupa. Hakumgusa kunguru, wala hakugusa bendera. Aliipiga chapati ikaanguka miguuni pa mwenyewe.

Milango ya ofisi zote ikafunguka. Watu ambao kwa siku kumi na moja walikuwa safarini, wagonjwa au mkutanoni, wote wakatoka nje.

"Wewe!" akasema kocha wa timu ya Kilimo, ambaye ndiye pia aliyekuwa mtia saini. "Unaweza kufanya hivyo tena?"

Wakapatana. Mechi tatu za mwanzo wa msimu, moja kila wiki, kisha saini. Zamoyoni akahesabu vidole: mpunga umeshachanua, wiki tatu utakuwa ndiyo unatia maziwa. Angefika kwa kubahatisha. Akakubali.

*

Kwenye kichuguu alifanya alichozoea. Aliitazama glovu ya mdakaji, yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji, kama suke la mpunga lililotuliwa na ndege, akatupa. Wapigaji themanini na mmoja walisimama mbele yake katika mechi zile tatu, na themanini na mmoja wakarudi kukaa. Mmoja wa Forodha aliulizwa kama aliuona mpira, akajibu kuwa alisikia tu unapita, akadhani ni inzi.

Redio ikapagawa. Mtangazaji alilia hewani, kwa kibali. Na jioni ya mechi ya tatu Mtukufu mwenyewe alihutubia taifa, glovu mkononi, akasema: "Hakuna aliyempiga mrushaji wetu. Na hakuna atakayempiga."

Hapa kwetu Mtukufu akisema jambo litakuwa, asubuhi yake linachapishwa kuwa sheria. Ikachapishwa Sheria ya Kutopigwa, yenye vifungu ishirini na adhabu kwa kila kifungu.

Zamoyoni hakusoma gazeti. Alichukua barua yake, akajipiga maji usoni, akaenda kufuata saini. Badala ya kocha akamkuta Waziri wa Michezo, Heshima na Takwimu, Mheshimiwa Pazi Makungulo, mtu mnene mwenye sauti ya kuzindulia visima.

"Shikamoo, Mheshimiwa. Nimekuja kwa ile saini, niwahi nyumbani."

"Nyumbani!" Waziri akacheka mpaka akafuta macho. "Ndugu Zamoyoni, tangu lini hazina ya taifa ikaenda nyumbani? Huo mkono unaouona hapo begani kwako, unadhani ni wako?"

"Ni wangu, Mheshimiwa. Nilizaliwa nao."

"Ulizaliwa nao ukiwa mwananchi. Tutofautishe mambo."

Wakamkalisha kitini. Likaletwa daftari jipya lenye jalada la kijani, ukurasa wa kwanza ukaandikwa: *Mkono Namba Moja, wa kulia, mali ya umma.* Ukapigwa mhuri juu ya kiwiko kwa wino usiofutika. Ukatiwa saini kumi na moja. Zamoyoni alikuwa anazitazama zile saini zikidondoka moja baada ya moja, barua yake ya kuomba moja ikiwa imekunjwa mfukoni, na moyo ulimuuma vibaya sana.

Akakabidhiwa afisa mtunza mkono, Bwana Sadala, mzee mpole mwenye miwani na kalamu mbili. Tangu hapo mkono ule ukawa unalazwa juu ya mto, haukuruhusiwa kusalimia mtu, kubeba kitu, kula wala kujikuna. Zamoyoni akawa anakula ugali kwa mkono wa kushoto mbele za watu, ameinamisha kichwa kwa aibu. Akiwashwa mgongo, Bwana Sadala alijaza fomu, na muwasho mara nyingi ulikwisha kabla ya majibu.

"Bado jambo moja linamnyima Mtukufu raha," Waziri alisema siku ile wakimalizia mhuri. "Kule ng'ambo amesikia kwamba mataifa makubwa yana mrushaji wa kushoto. Mpira wake unatoka upande usiotazamiwa, wapigaji wanachanganyikiwa. Sisi hatuna hata mmoja, maana mama zetu waliwachapa wote wakaacha. Tumetuma watu mikoa yote. Huko kwenu, hamna mtu wa kushoto?"

"Hamna kabisa, Mheshimiwa," Zamoyoni akajibu, na kijasho chembamba kikamtoka. "Kwetu hamna hata mmoja."

Bwana Sadala alimtazama juu ya miwani, akaandika kitu kidogo pembeni.

*

Simu aliruhusiwa mara moja kwa wiki. Bwana Sadala ndiye aliyeishika, ikiwa imefunguliwa sauti, kwa sababu sikio la mrushaji liko karibu mno na bega.

"Zamoyoni, uko wapi wewe?" Siwema alikuwa anahema. "Wameanza kushuka. Mpunga umetia maziwa. Kwa kina Mzee Kilua wamemaliza jaruba zima asubuhi moja, hakikubaki kitu!"

"Nakuja, mke wangu."

Bwana Sadala akatikisa kichwa polepole.

"Lini?" Siwema akauliza.

"Nakuja," Zamoyoni akarudia.

*

Mechi ya nne, mambo yakawa magumu zaidi. Mtaalamu mmoja wa Wizara aligundua kwamba mrushaji akirusha mpira, upo uwezekano wa mpira huo kupigwa. Uwezekano huo ulikuwa kinyume cha sheria. Ikaamuliwa kwamba Zamoyoni apande kichuguu kama kawaida, azungushe mkono kama kawaida, ila asipewe mpira.

Akapanda. Akazungusha. Mpigaji wa Maji akapiga hewa kwa nguvu zote, akaanguka. Mdakaji akafumba glovu, akaitingisha na kusema, "Lo, umenichoma!" Uwanja mzima ukalipuka kwa shangwe, na mtangazaji akasema huo ndio mpira wa kasi kuliko yote, hauonekani kwa macho.

Zamoyoni alisimama pale juu amezungukwa na watu elfu ishirini wanaoshangilia mkono mtupu, akajiona kama amefungwa kamba. Pale alikuwa juu, kama kwenye dungu lake, ila hapakuwa na udongo wa kushika wala njia ya kushukia. Akawaza: huko nyumbani ndege wanakula, na mimi hapa natupa hewa.

Ndipo akajua ya kumtoa ni moja tu. Apigwe. Mpira wake upigwe mara moja tu, mbele ya watu, ili asiwe na thamani tena. Mrushaji aliyepigwa wangemrudisha kwao siku hiyohiyo, labda na teke.

Akamtafuta Mbegu, askari magereza na mpigaji wa timu yao, mtoto wa Lukwale kama yeye, waliocheza wote utotoni. Wakakutana bombani, Bwana Sadala akiwa hatua tatu nyuma anasafisha miwani.

"Mbegu ndugu yangu, wiki ijayo nikipata mpira nitakurushia laini kama mkate. Nipige."

"Nini?" Mbegu akaruka. "Toba! Mimi nikupige wewe? Unataka nife?"

"Unajua shamba langu. Unajua Siwema yuko peke yake."

"Najua, na namhurumia shemeji yangu. Lakini yule wa Forodha aliyepiga chafya rungu likasogea, unajua yuko wapi? Wamempeleka kituo cha mpakani kwenye mpaka ambao bado haujachorwa. Nina watoto watano, Zamoyoni. Usiniponze."

Akachota maji yake, akaenda zake bila kugeuka nyuma.

*

Bahati ikaja kwa miguu yake. Mechi ya tano Mtukufu alihudhuria, na ubavuni pake aliketi mgeni kutoka kule ng'ambo kwenyewe walikoanzisha mchezo. Mgeni alitazama mizunguko miwili ya hewa, akainama na kuuliza kwa adabu kama angeweza kuuona mpira.

Waziri Makungulo akageuka rangi. Lakini ombi la mgeni halikataliwi. Mpira ukaletwa juu ya mto wa hariri, ukipigiwa tarumbeta, na bendi ikasimama.

Zamoyoni akaushika. Loo, ulivyokuwa mtamu mkononi! Mbele yake alisimama Mbegu, rungu begani.

Akarusha wa kwanza polepole, kama unavyomtupia mtoto chungwa. Mbegu akafumba macho, akasubiri mpira upite, uchukuliwe, urudishwe nusu ya njia, ndipo akapiga. Wa kwanza kaukosa. Akarusha wa pili, huo karibu ulikuwa unatembea. Mbegu akalala chini kifudifudi na kupiga udongo mara mbili. Wa pili kaukosa. Elfu ishirini wakaimba jina la Zamoyoni, na Mtukufu akapunga glovu.

Umebaki mmoja. Zamoyoni akamtazama rafiki yake: Mbegu alikuwa amesimama tena, ameganda, rungu amelilaza begani na hana nia ya kulisogeza hata kwa dawa. Kichwa cha rungu kilikuwa kimechomoza juu ya bega, kimetulia tuli.

Akaikumbuka chapati ya karani.

Akavuta pumzi, akarusha kwa nguvu zake zote za miaka yote ya dungu. Hakuilenga glovu ya mdakaji. Alililenga rungu. Mpira ukagonga mti *ko!*, ukaruka juu, ukapita jukwaa, ukapita uzio, ukapotelea huko sokoni.

Bendi ilikuwa imeshaanza wimbo wa ushindi, ikaishia katikati. Mbegu alilitazama rungu, akalitupa mbali kama ameshika nyoka, akapiga kelele, "Si mimi! Wallahi si mimi, limenipiga lenyewe!" Akazimia.

Mgeni peke yake ndiye aliyepiga makofi.

Zamoyoni akashuka kichuguu akitabasamu, mara ya kwanza tangu aje mjini. Amepigwa. Kila mtu ameona. Alikuwa ameshaanza kupiga hesabu: akiondoka sasa hivi, kesho mchana yuko shambani, na nusu ya mpunga wataiokoa.

*

Wakamweka kwenye chumba kidogo chini ya jukwaa, yeye na Bwana Sadala, wasubiri uamuzi. Kamati ikakaa. Rungu likawekwa mahabusu. Saa tatu nzima Zamoyoni alikuwa anasikia viti vikiburutwa juu ya kichwa chake. Hatimaye mlango ukafunguliwa, akaingia Waziri, uso unang'aa kama wa bwana harusi.

"Ndugu Zamoyoni, umetutisha! Lakini taifa limepata ufumbuzi. Mechi tatu za mwanzo hukupigwa, ni kweli si kweli?"

"Kweli, Mheshimiwa, lakini leo..."

"Leo ilikuwa mechi ya tano. Ubaya wote unatokana na msimu kusonga mbele. Kwa hiyo kamati imeamua msimu usisonge. Kuanzia sasa, msimu wa besiboli hapa kwetu utabaki mwanzoni. Tutacheza mechi ya kwanza, ya pili, ya tatu, kisha tunarudi ya kwanza. Ya nne na ya tano hazijachezwa. Mgeni ameambiwa aliona mazoezi."

Zamoyoni akamsogelea. "Mpaka lini, Mheshimiwa?"

"Mpaka lini vipi tena? Mwanzoni!" Waziri akampigapiga bega la kushoto, lile lisilo la umma. "Ukiwa mwanzoni, bwana, hujaharibu kitu bado. Furahi."

Ukatolewa waraka, ukasambazwa ofisi zote. Kalenda zikakusanywa zisahihishwe. Mpunga wa Lukwale pekee haukusomewa waraka, ukaendelea kukomaa.

*

Siku ya simu ikafika. Bwana Sadala akaishika juu kama kawaida, daftari la kijani liko mapajani.

Zamoyoni alikuwa hana la kumwambia mkewe. Alikuwa ameshajiandaa kulia, na aliona bora alie mapema yaishe. Lakini sauti iliyotoka kwenye simu ilikuwa inacheka.

"Zamoyoni! Mume wangu! Hutaamini!"

"Kuna nini, Siwema?"

"Tumeokoa! Majaruba yote manne, tena na mawili ya Mzee Kilua! Nilisema liwalo na liwe. Nimekaa juu ya dungu siku tisa, asubuhi mpaka jua linazama, mama yako ananifinyangia mabonge. Sasa hivi wakiniona tu wanageuza njia!"

Zamoyoni akaanza kucheka naye. Halafu akaiona kalamu ya Bwana Sadala, jinsi ilivyosimama.

"Ni bahati tu hiyo, mke wangu," akasema haraka. "Ndege wamejiondokea wenyewe. Wewe shabaha yako naijua, hata ukuta unaukosa."

"Nani anakosa ukuta?" Siwema akauliza.

"Basi, tuyaache. Habari za mama?"

"Hatuyaachi! Mimi, Zamoyoni? Mimi unaniambia hivyo, nimeachwa peke yangu na shamba? Jana nimewapiga kumi na sita mfululizo, kumi na sita, wa mwisho nimemdaka angani! Muulize mama yako. Muulize Mzee Kilua. Bonde zima walikuja kutazama, wamesimama hapo njiani wananipigia vigelegele, na mama yako aliyekuwa ananitukana kila siku ndiye kaongoza!"

"Siwema, nakuomba, nyamaza."

"Sinyamazi!"

Bwana Sadala akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Akaisogeza simu karibu na mdomo wake mwenyewe, kwa upole kabisa.

"Samahani mama. Hujambo?"

Siwema akashtuka kusikia sauti ya mtu mzima, na hasira ikamwisha palepale. Alikuwa mwanamke aliyelelewa vizuri.

"Sijambo baba, shikamoo. Samahani, sikujua mko wengi."

"Marahaba mwanangu. Hongera sana kwa kazi. Eti, ulikuwa unasema unatupa kwa mkono upi?"

"Kata simu!" Zamoyoni akapiga kelele, akainuka kuikamata. Mkono wa kulia ndio uliotangulia, na palepale askari wawili wa mlangoni wakaudaka katikati ya njia, kwa uangalifu mkubwa, wakaurudisha juu ya mto wake.

"Zamoyoni ana nini?" Siwema aliuliza. Kisha, kwa aibu kidogo na kwa fahari kidogo, maana tangu azaliwe hakuna mtu aliyewahi kumuuliza jambo lile bila kumgombeza, akajibu: "Wa kushoto, baba."

Bwana Sadala akafungua ukurasa wa pili wa daftari.